Ufa Nyuma ya Kabati la Mama Mkwe

Riungu alisimama ndani ya mtaro uliomfika magotini, mgongo wake ukikaribia kugusa ukuta wa chumba cha mama mkwe wake, akatazama mlimani. Asubuhi kilele cha Mlima Kenya kilikuwa wazi, cheupe kama jino. Sasa hakikuonekana. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka msituni, jeusi na zito, na watu wa Katheri wanajua kwamba wingu likishafika msituni halirudi na mzigo wake.

"Fundi," Kailemia alisema huku ameegemea sururu, "hiyo si wingu ya kuchekea."

"Chimba."

"Si nachimba? Nasema tu. Mimi nikienda kwa wakwe hubeba mkate na majani chai. Wewe unabeba sururu."

Kailemia alikuwa kibarua wake wa siku nyingi, mtu mwenye mikono mizuri na mdomo usiojua Jumapili. Siku nyingine Riungu angemrudishia. Leo aliinamia mtaro, kwa maana udongo uliokuwa chini ya miguu yake haukuwa ule aliokuja kuuchimba. Alitarajia udongo mwekundu wa Imenti, mgumu, unaokatika mapande kama ugali uliolala. Huu ulikuwa uji. Kila alipouinua kwa beleshi, mwingine ulijisogeza kutoka chini ya msingi wa nyumba na kujaza pengo, polepole, bila sauti.

Alikuja hapa kwa ajili ya mlango. Mkewe, Kendi, alikuwa amepanda kumwona mama yake katikati ya juma, na aliporudi nyumbani kwao Kinoru alisema, kama mtu anayetaja bei ya viazi, kwamba mlango wa chumba cha Mama haufungi tena. Riungu aliweka kijiko chini. Mlango usiofunga ni habari. Fremu haipindi bila ukuta kusogea, ukuta hausogei bila msingi kulainika, na msingi haulainiki bila maji. Na maji ya kona ile aliyajua kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyeyapeleka pale.

Katika mji wa Meru walimwita Riungu wa Gata. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Gakoromone, mahali ambapo kelele za wauza ndizi humezwa na kelele za nyundo, na kazi yake ilikuwa moja: kukunja bati kuwa mfereji, ndiyo gata yenyewe, kuutundika chini ya paa, na kuyaongoza maji ya mvua mpaka kwenye tangi. Alizaliwa sehemu za chini, zile kavu za kuelekea Isiolo, ambako mama yake alibeba maji mgongoni kwa ukanda uliomchimba kipaji cha uso alama isiyofutika. Akiwa mtoto aliona mvua ikipiga paa la shule, ikimwagika, ikienda zake, na aliumia moyoni kama mtu anayetazama nafaka ikimwagwa barabarani. Alipopata akili ya kazi alikwenda Majengo, karibu na msikiti, akajifunza bati kwa Mzee Isaack, aliyekuwa akitengeneza makarai na majiko na kila kitu kinachokunjika. Mzee yule alimwambia mara nyingi, "Ukimkaribisha mgeni, jua atalala wapi, halafu jua atatoka kwa mlango gani." Riungu alicheka. Nani wa Meru alitaka maji yatoke? Kuna miji duniani ambako fundi huitwa kuyafukuza maji. Yeye kila siku aliitwa kuyaleta.

Ndiyo maana alipokwenda kumwoa Kendi, baada ya asali na mbuzi na blanketi, aliongeza kitu ambacho hakuna aliyemdai. Alipanda Katheri na bati zake, akatundika gata kwenye nyumba ya mawe ya mama mkwe, akaweka tangi jeusi kwenye kona ya chini, pale mteremko ulipomsaidia. Mvua ya kwanza ilipoanguka, maji yaliingia tangini yakivuma kama ngoma, na wanawake wa ukoo wakapiga vigelegele. Mama Karwirwa, mjane aliyekuwa akishuka mtoni na kupanda na mtungi, hakushuka tena. Tangi lilipojaa, maji ya ziada yalitoka kwa bomba dogo la juu na kuanguka chini ya dirisha la chumba chake. Hapo, kama ambavyo mama yeyote wa milimani angefanya, alipanda nduma, yale magimbi yanayopenda maji.

Nduma zile zilisifika. Zilikuwa na majani mapana ya kumfunika mtu kiunoni, na mizizi mizito isiyo na nyuzi. Kila Kendi alipotoka kwao alirudi na mfuko. Riungu alizila kwa chai miaka hii yote, akijipongeza kimoyomoyo kwa kila tonge.

Lakini ukuta ule kwa ndani hakuwahi kuuona hata mara moja. Wameru wana neno, nthoni: ile haya ya heshima iliyo baina ya mkwe na mama wa mkewe. Mkwe haingii chumba chake. Hawapeani mikono. Hali chakula mbele yake. Vijana wa mjini siku hizi hukaa na mama wakwe kwenye kochi moja wakitazama televisheni, na hakuna anayekufa. Lakini Karwirwa alikuwa mtu wa zamani, na Riungu aliishika haya ile kwa mapenzi. Alimwita Mama. Bibi naye alimwita baba Mwirigi, kwa jina la mjukuu, na kila walichotaka kuambiana walimpa Kendi akibebe.

Kwa hiyo asubuhi hii alipofika na mabomba ya plastiki na magunia ya kokoto, alikagua kona kwa nje tu. Alifyeka nduma na kuzing'oa. Nyuma ya majani aliona ufa mwembamba kama uzi ukipanda kwenye simiti ya nje, akasema moyoni, si mbaya. Alipanga kuchimba mtaro kando ya ukuta, kuupinda kwenye kona, kisha kuushusha moja kwa moja kupitia shambani mpaka mtaro wa barabarani. Fundi mwenye utulivu huanzia chini, mahali maji yatakapotokea, akapanda nao mpaka nyumbani. Riungu hakuwa na utulivu. Alianzia ukutani, pale aibu yake ilipokuwa.

Sasa mtaro ulikuwa wazi kando ya msingi wote wa chumba, na upande wa chini haujafika popote.

Ngurumo ilipita mbali, upande wa Nyambene, kama gari la mawe likivuka daraja.

Kendi alitokea mlangoni akijifuta mikono. "Mama anasema kabati lisiguswe."

"Sikusema aguse. Mwulize tu ukuta wa nyuma ya kabati uko namna gani."

Kendi alipotea ndani. Zikasikika sauti mbili, moja laini, moja kavu. Akarudi. "Anasema uko sawa. Anasema wewe ni fundi wa gata, si fundi wa kabati."

Kailemia alicheka kwa pua.

"Mwambie simwulizi kwa ubaya," Riungu alisema. "Mlango haufungi. Nataka kujua kwa nini."

Akaenda, akarudi. "Anasema mlango ulianza uvivu tangu Baba afariki."

"Huyo mama angekuwa wakili," Kailemia alisema, "sisi sote tungekuwa jela."

"Kailemia."

"Nimenyamaza."

Riungu alirudi kwenye beleshi. Upepo ulikuwa umekufa. Migomba ilisimama tuli, na kutoka bondeni ilipanda harufu ile ya vumbi lililonusa mvua. Alichota mara moja, akachota tena, na kitu kidogo, kigumu, kikamwangukia ndani ya kola ya shati. Akakitoa. Kilikuwa kipande cha simiti, bapa, saizi ya ukucha.

Aliinua macho. Ule uzi haukuwa uzi tena. Aliweka ukucha wa kidole gumba, ukaingia.

"Kendi," aliita, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba Kailemia aliacha kuchimba. "Ingia. Usimwulize kitu. Pitisha mkono nyuma ya kabati, halafu uniambie kama unasikia baridi."

Safari hii hakurudi haraka. Ndani sauti kavu ilipanda, ikakatika. Kitu kizito kilikwaruza sakafu. Kisha Kendi akatoka, na uso wake haukuwa ule aliokwenda nao.

"Mkono wangu umeingia," alisema.

"Umeingia wapi?"

"Ndani ya ukuta."

Kailemia alitoka mtaroni bila kuaga. Riungu alibaki, kwa sababu akili yake ilikuwa imekimbilia kwenye mawe. Nyumba hii ilijengwa na marehemu baba mkwe kwa mawe mazuri ya machimbo, lakini baina ya jiwe na jiwe palikuwa na udongo, na simiti ilipakwa nje tu kwa urembo, kama walivyojenga wengi wakati ule. Udongo ukiloa, mawe hayashikani tena. Yanakaa tu, yakivumiliana.

"Ufa umefunguka zaidi juu au chini?" aliuliza. Hilo ndilo swali lililokuwa na uhai wa mtu ndani yake. Ukiwa mpana chini, katikati ya nyumba ndiyo iliyoketi. Ukiwa mpana juu, kona inaanguka nje, na nje ndipo aliposimama.

"Sijaangalia. Ameuziba kwa leso na magazeti na udongo, wote."

"Nenda uangalie."

"Amekaa kitandani mbele yake, hataki—"

"Nenda, Kendi."

Tone la kwanza lilimpiga mkononi, kubwa, la baridi. La pili likapiga bati, pale juu, likalia kama sarafu.

"Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta," Kailemia alisema kutoka mahali salama, bila kicheko.

"Huu aliuziba," Riungu alijibu. "Hapo ndipo tulipoharibikiwa."

Juu ya kichwa chake kitasa kililia. Dirisha la mbao, ambalo hakukumbuka kuliona likifunguliwa akiwa karibu, lilisukumwa nje. Kwa mazoea ya miaka yote hiyo Riungu aliinamisha macho haraka, akatazama viatu vyake vilivyomezwa na matope.

"Riungu."

Hakuwahi kumsikia akilitamka jina hilo. Lilisikika geni, kama jina la mtu mwingine.

"Riungu, toka humo shimoni. Ukuta unakuja upande wako."

"Mama, ufa—"

"Juu inaingia ngumi. Chini unaingia ubapa wa kisu. Asubuhi pale pa ngumi paliingia vidole tu. Kila ukichota huko, hapa kunafunguka. Nimekaa nikitazama. Sasa toka."

Alitoka. Alitoka kwa mikono na magoti, kama mtoto, mpaka nyasini.

Karwirwa bado alikuwa dirishani, kitambaa cheupe kichwani, uso mwembamba usiotaka huruma ya mtu. "Njoo uone," alisema.

"Chumbani, Mama?"

"Ufa hauko sebuleni."

Riungu alimtazama Kendi, aliyekuwa mlangoni ameshika fremu. Kendi hakumsaidia. Hakuna mtu aliyewahi kuwafundisha la kufanya hapa.

"Nimeuficha kwa heshima yako," mama mkwe alisema, na safari hii sauti kavu ilipungua ukavu. "Lakini heshima haishiki boriti. Wewe ndiye fundi. Ingia."

Akavua viatu. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini, katika haraka ile, na mvua ikianza, alisimama kuvua viatu vya matope. Akapita sebuleni, akapita mlango ule uliokataa kufunga, akaingia mahali ambapo mkwe haingii.

Kilikuwa chumba kidogo, safi, chenye harufu ya dawa ya kuchua. Kitanda kilitandikwa vizuri. Kalenda ya kanisa. Picha ya marehemu akiwa amevaa kofia, akitazama pembeni kama aliyeona aibu kwa niaba yao. Na kabati, lililosogezwa nusu, na nyuma yake ufa.

Ulianzia chini ya dari na kushuka mpaka karibu na sakafu, ukifuata viungo vya mawe, ngazi kwa ngazi. Magazeti yaliyokuwa yamesokotwa ndani yake yalikuwa yameloa na kulegea. Leso moja ya zambarau ilining'inia nje kama ulimi. Juu kabisa, boriti iliyotakiwa kulalia ukuta ilikuwa imelalia hewa. Riungu alichuchumaa, akachungulia, na kupitia ukuta wa nyumba akaona jani moja la nduma lililobaki, kijani kibichi, likiruka kila tone lilipolipiga.

Mvua ikaja yote kwa pamoja. Juu ya bati ilikuwa sauti moja isiyo na mapengo.

"Tangu lini?" ilibidi apaze sauti.

"Tangu nduma za kwanza."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Ulileta tangi mbele ya ukoo wangu wakaimba. Mtu akirudisha zawadi ya mkwe, amemrudisha na mkwe. Na Kendi alikuwa na mimba." Alitazama picha ya mumewe. "Nikasema ukuta utanisubiri nitangulie mimi."

Riungu aligeuza sikio kuelekea ukutani. Alikuwa amesikia kitu. Chini ya kelele ya mvua palikuwa na kelele nyingine, aliyoijua kama anavyoijua sauti ya mtoto wake: gata ikijaa. Maji ya paa lote yalikuwa yakikimbilia kona hii, kwa mteremko alioupima yeye mwenyewe, yakiingia tangi lililokwisha jaa tangu wiki iliyopita, yakitoka kwa bomba dogo, yakianguka. Na safari hii hayakuangukia nduma. Yaliangukia mtaro alioufungua kando ya msingi na kuuacha bila mlango wa kutokea. Alikuwa amechimba karai na kuisimamisha nyumba ndani yake.

"Mama, tutoke. Sasa."

Karwirwa alishika fimbo yake, akajaribu kuinuka. Mguu wake wa kulia ulikuwa mbovu tangu alipoteleza shambani, na kitanda kilikuwa cha chini. Alijaribu tena. Kendi alikuwa upande wa pili, amezibwa na kabati. Juu, jiwe moja lilisaga jingine, sauti ndogo kama ya mtu anayesaga meno usingizini.

"Nipe mkono," mama mkwe alisema.

Akampa. Mkono wa bibi yule ulikuwa mwepesi na mkavu, na ulimshika kwa nguvu ambayo hakuitegemea. Akamwinua, akampitisha mkono mwingine mgongoni, wakatoka hivyo, hatua fupi fupi, Kendi akisukuma kabati nyuma yao na kuja. Hawakusimama sebuleni. Walivuka ua katika mvua mpaka jikoni, kibanda cha mbao kilichosimama upande wa juu, kwenye ardhi ngumu iliyokatwa mlimani. Riungu alimkalisha kwenye kiti kando ya moto, akageuka.

"Unakwenda wapi?" Kendi aliuliza.

"Gata bado inamwaga."

"Achana nayo. Nyumba si mtu."

Alisimama kidogo mlangoni, maji yakimtiririka puani. Ni kweli nyumba si mtu. Lakini nyumba ile ilijengwa na mtu jiwe kwa jiwe, naye Riungu alikuwa akiibomoa tone kwa tone tangu siku ya furaha yake. "Sitagusa ukuta," alisema. "Nitageuza maji tu."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuisema. Gata ilishuka kuelekea tangini. Alitaka ishuke upande wa pili, kwenye mwisho uliokuwa karibu na njia ya miguu, ambako mtu aliufikia ukingo wa paa akiwa amesimama chini, na ardhi ilikuwa ngumu ikishuka yenyewe mpaka barabarani. Ilibidi kuinua mwisho wa tangini na kutoboa mwisho mwingine. Ili kuinua mwisho wa tangini, ilibidi mtu apande juu ya kona inayoanguka.

Aliegemeza ngazi kwenye tangi, si ukutani. Kailemia alikuja kuishika. Hakuitwa.

"Fundi, mimi nina mke mmoja tu, na hajaniruhusu kufa."

"Ukisikia mawe, kimbia. Usiniite, kimbia."

"Hiyo hukuwa na haja ya kuniambia."

Riungu alipanda. Tangi lilitetemeka kwa maji yaliyokuwa yakiingia. Alishika kishikio cha kwanza cha gata, akafungua skrubu, na bati lililojaa maji likamwangukia begani kwa uzito wa ndama. Akalibeba. Kwa bega akaliinua mpaka chini kabisa ya ukingo wa paa, na kwa mkono mmoja akatafuta tundu jipya kwenye mbao, akakosa, akatafuta tena. Maji yalimwingia machoni. Karibu na sikio lake la kushoto ukuta ulikuwa ukisema maneno yake ya chini, ukisaga, ukitulia, ukisaga. Hakutazama. Skrubu ikashika. Akasogea kishikio cha pili kwa kujinyoosha, kwa sababu hakuthubutu kuisogeza ngazi.

"Sasa nenda utoboe huko mwisho!" alimpigia Kailemia kelele.

"Na ngazi?"

"Nenda!"

Kailemia alikwenda akikimbia. Kwa muda Riungu alikuwa peke yake juu ya ngazi isiyo na mtu, gata begani, maji yamesimama ndani yake, yasijue yaende wapi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mabaya kuliko yote: maji yaliyotulia. Kisha upande wa pili nyundo ikapiga bati mara kadhaa, kifuniko cha mwisho wa gata kikaruka, na akahisi begani mwake mzigo ukiondoka, ukikimbia kutoka kwake, ukitoka. Bomba dogo la tangi lilitapika kidogo, likadondosha, likakauka.

Alishuka. Walichukua miti miwili ya mkaratusi iliyokuwa imelala kando ya zizi, wakaisukuma kutoka mbali, mshazari, wakiiegemeza kwenye kona, Kailemia akinung'unika jina la mkewe kila walipokaribia. Kisha wakaufungulia mtaro njia kwa upande wa shamba, kwa majembe, maji mekundu yakawapita miguuni, na walipoona umebaki tope tu wakaanza kurudisha udongo na kokoto kwenye msingi. Hawakuushindilia. Waliutupa na kurudi nyuma, wakatupa tena.

Walipoingia jikoni walikuwa rangi moja na shamba. Mvua haikupungua. Kailemia alichuchumaa karibu na mlango, mahali pa mtu anayejiandaa kukimbia. Riungu alitafuta pa kusimama. Kibanda kilikuwa kimoja, moto mmoja, na mama mkwe wake kando yake. Alibaki karibu na ukuta, macho chini.

"Keti," Karwirwa alisema. "Umeingia chumbani kwangu na umenishika mgongo. Ukisimama utakuwa umeokoa nini?"

Akaketi. Kendi aliepua sufuria, akatoa nduma zilizochemshwa, zile alizozifyeka asubuhi, na kuzigawa kwenye sahani. Sahani ya Riungu alimpa mama yake, kwa mazoea, ili aione kwanza kabla haijapelekwa sebuleni kwa mkwe. Bibi aliishika kidogo mapajani, akiitazama. Kisha akanyoosha mkono, akampa mwenyewe.

"Kula."

Riungu alimega. Nduma ilikuwa ya moto, nzito, tamu kama siku zote.

Kutoka upande wa chini likasikika jiwe. Moja. Halafu kimya. Halafu la pili, na kishindo cha mbao. Kailemia alikuwa tayari amesimama nje. Riungu aliweka sahani chini ili aende.

"Kaa," mama mkwe alisema, akimtazama usoni waziwazi kwa mara ya kwanza. "Ukuta ni wa mume wangu. Ukitaka kuanguka, utaanguka bila kukuomba ruhusa. Mimi niko hapa. Wewe uko hapa. Kula."

Akala. Wote walikula, wakisikiliza, kila mtu akitafuna polepole ili meno yake yasizibe sauti. Maji ya paa yalisikika yakikimbia kwenye njia ya miguu, mbele ya mlango wa jikoni, yakishuka barabarani. Wakakaa hivyo mpaka mvua ilipoanza kupumua, ikawa matone, ikawa migomba inayojikung'uta.

Walitoka pamoja, bibi akishika fimbo kwa mkono mmoja na mkono wa Kendi kwa mwingine. Kona ilikuwa imesimama. Imeinama kwenye ile miti miwili kama mlevi aliyeshikwa na rafiki zake, lakini imesimama. Dirisha halikuwepo. Kupitia pengo lake waliona kitanda, na juu ya mto, katikati kabisa, mawe mawili.

Kailemia aliyatazama. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Ukuta huu tutaushusha wote," Riungu alisema, akimwambia Kendi, kisha akakumbuka, akageuka na kumwambia mwenye nyumba. "Mama, nitaushusha wote. Tutajenga upya kwa simiti. Na bomba nitalianzia barabarani, nipande nalo."

Karwirwa alikuwa akitazama mahali pa nduma zake, matope matupu yaliyochafuka, majani yamelala. Halafu aliinua fimbo, akaielekeza mbali, kule chini, kwenye ukingo wa shamba karibu na barabara.

"Bomba lako litatokea pale?"

"Pale pale."

"Basi nitazipanda pale," alisema. "Na uniletee asali, Riungu. Chumba cha mama mkwe hakiingiwi bure."